Kadi mbili za sauti, na moja lazima irudi Buyenzi

Jumapili, Novemba. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Sasa kuna jua jeupe, na barabara yetu hapa Carama ni tope tupu. Umeme upo. Naandika haraka kwa sababu hiyo. Sijui tutakuwa nao mpaka saa ngapi.

Hali yangu: sina huzuni, sina furaha. Niko kama mtu aliyekwenda hospitali kumwona mgonjwa akamkuta amekaa kitandani anakunywa uji.

Mbele yangu mezani kuna kadi mbili za sauti. Moja ni ya kuingiza ndani ya kompyuta, ubao wa kijani wenye matundu matano nyuma. Nyingine ni kisanduku cheusi kinachokaa nje, kinachomekwa kwenye kompyuta kwa waya mmoja, kina tundu moja la kaski ya masikioni na kitufe kikubwa cha kuzungusha upande wa mbele. Kesho lazima nirudishe moja Buyenzi. Ndivyo tulivyokubaliana na mwenye duka.

Jana mchana nilikuwa nimeshachagua. Leo nimechagua tena, na siyo ile ya jana. Nataka kuandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni karani katika wizara moja mjini. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana naandika Kiswahili. Mke wangu, Consolate, ni mtu wa Gitega, na Kiswahili alijifunza kwangu, au tuseme alijifunza kwa kugombana nami. Tuna binti mmoja, Ornella, ana miaka saba. Nyumba yetu iko pembezoni kabisa, pale nyumba zinapoisha na mashamba ya mihogo yanapoanza. Nyuma ya mihogo kuna milima. Wanaotujua hawaulizi kuna nini huko milimani.

Kompyuta niliipata mwaka jana Kinindo, kwenye ofisi ya wageni iliyokuwa inafungwa. Bwana aliyekuwa akipanga masanduku alinipa na kaski yake: kubwa, nyeusi, inafunika masikio yote mawili mpaka yanatoka jasho. Alisema haina nafasi kwenye mzigo wake. Nadhani hakuwa na hamu nayo tena.

Tangu siku hiyo nina ugonjwa.

Maisha yangu yote nilikuwa nimesikiliza muziki kwa redio ya kaseti yenye spika moja iliyopasuka. Kwa kaski nikagundua kwamba ile rumba niliyoijua tangu utoto ina magitaa matatu, siyo mawili. Moja linakaa kushoto, moja kulia, na la tatu linapita katikati kama mtu anayechelewa harusini. Nilihamisha kaseti zangu zote kuziingiza kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, nikawa nakwenda kulitafuta lile gitaa la tatu kila Jumamosi.

Lakini sauti ya kompyuta yenyewe ilikuwa mbovu. Kaski ile ni nzito, inataka nguvu ya kuisukuma, na mashine haikuwa nayo. Mwimbaji alisikika kama yuko ndani ya pipa. Halafu kulikuwa na mluzi mwembamba usioisha. Nikisogeza kipanya, nasikia mparuzo masikioni, kama kuku anaparua mchanga. Kelele zote za tumbo la mashine zilikuwa zinapita kwenye tundu lilelile la muziki.

Nilichotaka ni ukimya nyuma ya muziki. Niliwahi kumweleza Consolate hivyo. Aliniangalia, akaendelea kupiga pasi.

Ijumaa baada ya kazi nikaenda Buyenzi kwa Bi Zuhura. Watu wake walitoka Omani zamani, wakati wa babu ya babu yake, na duka lao lipo pale tangu kabla ya sisi sote kuzaliwa. Mbele anauza vipuri vya magari: beringi, filta, pedi za breki. Nyuma ana rafu moja ya vitu vya kompyuta anavyoletewa na ndugu yake kutoka Dubai. Nilimwomba kadi ya sauti. Akashusha mbili, akazipangusa vumbi kwa upindo wa mtandio wake.

"Ipi ni nzuri, mama?"

"Mi najua filta na beringi, mwanangu. Hizi zinalia ama hazilii, ni hiyo tu."

Nikataka kuzijaribu palepale. Alikuwa na kompyuta ya hesabu na mimi nilikuwa nimebeba kaski. Lakini gereji ya jirani walikuwa wananyoosha bodi ya taksi kwa nyundo, na kila nilipodhani nimesikia tofauti, nyundo inashuka. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

"Beba zote mbili," akasema. "Jumatatu uniletee moja. Mama yako ndiye alikuwa ananisuka nywele, siwezi kukuogopa."

Ijumaa jioni nikajaribu kisanduku cheusi. Mluzi ulikwisha. Kuku alikwisha. Kwa kuwa kiko nje, mbali na feni na mambo ya ndani ya mashine, hakichukui kelele zake. Lakini nguvu ilikuwa kidogo. Besi ilikuwa nyembamba, na lile gitaa la tatu lilikuwepo lakini lilisimama mlangoni, halikuingia.

Basi Jumamosi, yaani jana, zamu ya ubao wa kijani.

Sikuwa na bisibisi ya kufungulia mashine. Baada ya chakula nilimwambia Consolate nakwenda kuazima kwa Déo, jirani wetu wa nyumba ya nne. Nikaenda, nikapewa, nikarudi kwa mlango wa nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na tope. Consolate alikuwa mbele na Ornella, wanachambua maharage ya jioni. Hakuniona nikirudi, na mimi sikusema nimerudi. Ni jambo dogo. Naliandika kwa sababu yote yaliyofuata yalisimama juu yake.

Kompyuta iko kwenye kile chumba kidogo cha upande. Huwa nakifunga kwa ufunguo nikitoka, kwa sababu ya wezi. Mtu akikuta mlango umefungwa anajua sipo. Jana nilikifunga nikiwa ndani, kwa sababu mashine ilikuwa wazi na Ornella ana vidole.

Kadi iliingia vizuri. Tatizo lilikuwa waya. Tundu la kaski kwenye kadi hiyo liko nyuma ya mashine, mashine iko kwenye kona, na waya wa kaski yangu ni mfupi. Ili kusikiliza ilibidi nigeuze kiti niangalie ukuta, mgongo kwa mlango. Sikujali. Kwenye kusikiliza muziki macho hayana kazi.

Sitajidai: ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Kadi ile ilikuwa na nguvu. Mwimbaji alitoka ndani ya pipa, akaja akasimama mbele ya uso wangu, nikasikia akivuta pumzi kabla ya mstari. Nikasikia vidole vikiteleza kwenye nyaya. Mahali fulani katikati ya wimbo mtu anakohoa, nadhani mpiga ngoma, na huyo mtu nimeishi naye miaka ishirini bila kumsikia.

Nilisikiliza upande mmoja wa kaseti, nikaanza wa pili.

Juu ya meza kulikuwa na glasi ya maji. Niliona maji yanatetemeka. Nikafikiri, hii besi hii.

Kaski haitikisi glasi. Mimi, ambaye nilikuwa nimekaa na vitabu vya mashine mwezi mzima nasoma habari za nguvu na ukinzani, sikukumbuka hilo. Niliongeza sauti.

Kilichonitoa ni pua. Nilisikia harufu ya maharage yanayoungua. Nikangoja Consolate aondoe chungu. Harufu ikazidi. Nikavua kaski, nikaitundika shingoni, nikachomoa waya, nikafungua mlango niseme kitu kuhusu maharage.

Nyumba ilikuwa tupu.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi wote. Chungu kilikuwa kwenye jiko la mbabula, makaa mekundu, kinatoa moshi. Ungo wa maharage ulikuwa umemwagika kizingitini. Kiatu kimoja cha Ornella kilikuwa kwenye tope, kimesimama wima. Niliita. Halafu nikasikia milio ya bunduki, upande wa mihogo, karibu sana, na nikajua ni kitu ambacho kilikuwa kinaendelea muda mrefu na mimi ndiye niliyechelewa kufika.

Mtu akiniuliza nilihisi nini, ukweli ni kwamba niliondoa chungu motoni. Nilikiweka chini kwanza. Ndipo nikatoka.

Barabara ilikuwa haina mtu, Jumamosi mchana. Niliinama nikatembea kando ya ukuta. Nilipofika kwa Déo, sauti yake ikatoka nyuma ya uzio.

"We! Uko unafanya nini inje? Ingia!"

"Consolate iko wapi?"

"Wote wamekwenda parokia. Bibi yako alipita hapa anakimbia na mutoto. Nilizani we uko mbele yao."

"Mi nilikuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi?" akasema.

Nikapita njia ya nyuma ya nyumba, ile ya watu wanaokwenda kuchota maji. Nilikimbia, nikaanguka mara moja, nikaendelea. Milio ilikuwa nyuma yangu upande wa kulia. Sijui kama ilikuwa inalenga kitu.

Kwenye lango la parokia kulikuwa na kundi la wanawake wamemshika mtu. Walikuwa wamemshika kwa kitenge, kwa mikono, mmoja amemkumbatia kiunoni kutoka nyuma. Alikuwa anapigana nao bila kupiga kelele. Nilidhani ni mtu aliyepoteza akili.

Ilikuwa Consolate. Alikuwa anataka kutoka.

"Mwacheni, huyu hapa," mmoja akasema. "Bwana yake huyu hapa!"

Wakamwachia. Akasimama hatua chache mbele yangu, kifua kinapanda na kushuka. Nyuma yake, kwenye benchi la ukumbi, Ornella alikuwa amekaa na kiatu kimoja, amebebeshwa mtoto wa mtu.

"Ulikuwa wapi?"

"Mu chumba."

"Chumba gani?"

"Chetu. Kile kidogo."

Hakuelewa. Niliona anapita kwenye ile nyumba kwa akili yake, mlango kwa mlango. "Nilipiga ule mulango na ngumi," akasema. "Nilikuita. Ulikuwa umefungwa na hakuna sauti. Nikasema hajarudi, iko kwa Déo, iko mu barabara. Mi nikakimbia na mutoto, nikakuacha mu barabara."

Ndipo macho yake yakashuka shingoni kwangu.

Kaski ilikuwa bado ipo. Nilikuwa nimekimbia nayo njia yote, waya unaning'inia mpaka magotini, umejaa tope.

Akauangalia ule waya mpaka mwisho wake.

"Ulikuwa ndani," akasema.

Hakunipiga, hakulia. Alikwenda akampokea Ornella yule mtoto wa watu, akamrudishia mama yake, akakaa. Mimi nikakaa upande wa pili wa Ornella. Tulikaa hivyo mchana wote pamoja na nusu ya mtaa, watu wanagawana maji na ndizi. Hakuna aliyeniuliza kaski ni ya nini. Mzee mmoja alidhani nafanya kazi redioni, akataka nimpe habari.

Tulirudi jioni, saa ya amri ya kutotembea usiku ilipokaribia. Wanajeshi walikuwa wamekaa njia panda wanakula. Mtaani kwetu hakuna aliyekufa. Upande wa mashambani sijui, na sikuuliza. Nyumbani hakikuibiwa kitu. Kompyuta ilikuwa bado inawaka na ule wimbo ulikuwa umefika mwisho wenyewe.

Tulikula mikate na chai. Ornella ndiye peke yake aliyezungumza.

"Papa, kwani kaski inafunga mpaka bunduki?"

Nilifikiri kumdanganya. "Ndiyo," nikasema.

"Basi na mi unipe."

Consolate aliinuka akaenda kuosha vikombe.

Hayo ni ya jana.

Leo tumetoka misa, nikachukua bisibisi ya Déo, nikang'oa ubao wa kijani. Nikaufunga kwenye karatasi yake. Nikachukua na kisanduku cheusi, nikaanza kukifunga pia. Nilikuwa nimeamua kurudisha zote mbili. Sikuwa na uchungu. Nilikuwa naona ni hesabu rahisi: nyumba kama yetu haina nafasi ya mtu ambaye hayupo.

Consolate alikuja akasimama mlangoni.

"Uko unafanya nini?"

"Nazirudisha."

"Zote? Juu ya nini?"

Nikamwambia juu ya jana. Kwa nini kingine?

Akaingia, akakaa kwenye kiti changu, jambo ambalo hafanyi. Mikono ilikuwa na unga wa muhogo. Alizungumza akiangalia mikono hiyo, kwa Kiswahili na Kirundi vikiwa vimechanganyika, naandika kama nilivyoelewa.

Alisema: jana nilipoona ule waya, nilikuchukia. Usiku nikafikiri tena. Nikasema huyu mutu alikaa saa nzima hajui kuna vita. Alisema: mi masikio yangu hayajalala tangu vita vianze, mwaka wa tisini na tatu. Nikifua nasikiliza. Nikisali nasikiliza. Wewe ukikoroma nakugeuza, siyo juu ya kelele, ni juu nisikie inje. Unajua kwamba sipendi redio. Umezania sipendi muziki.

Kweli nilidhani hapendi muziki. Miaka tisa ya ndoa.

"Ile ya kitufe," akasema. "Inakaa hapa juu ya meza?"

"Inakaa popote."

"Basi iweke hapa kwenye ukingo. Mutu akiingia aifikie. Na kiti kiangalie mulango."

Nilifanya hivyo. Waya ulitosha. Nikamwonyesha kwamba ukizungusha kushoto sauti inakwisha. Akazungusha kushoto, akazungusha kulia, kama mtu anayejaribu bomba kabla ya kununua nyumba.

"Sasa nivalishe mi," akasema. "We nenda ukakae mulangoni usikilize."

Nilidhani atataka kwaya. Nina kaseti mbili za kwaya, nikaanza kumtafutia. Akanitikisia kichwa. Alitaka rumba. Alitaka ile ile, na aliitaja kwa jina, na akaniambia aliwahi kuicheza kwenye harusi ya dada yake mpaka kiatu kikakatika kisigino. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo.

Nikamvalisha. Kaski ilikuwa kubwa kwa kichwa chake, ikabana kilemba. Nikabonyeza, nikaenda kukaa kizingitini na Ornella, tukaanza kuchambua lengalenga.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu kutoka ndani tukasikia sauti ya Consolate inaimba. Mtu aliyevaa kaski hajisikii, kwa hiyo anaimba kwa nguvu na anaimba vibaya. Alikuwa anaimba Kilingala asichokijua, nusu ya maneno ni ya kubuni. Ornella aliweka mkono mdomoni, akacheka mpaka majani yakamwagika. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kazi.

Ndipo nikasikia mlio. Mmoja, kisha mingine pamoja, huko juu.

Ornella aliacha kucheka akaniangalia. Kule nyumba ya nne Déo alitoka nje na shuka begani, akasimama, akageuza kichwa. Mama mmoja aliita watoto wake kwa majina. Wote walikuwa wanafanya kile ambacho watu hufanya: wanapima. Na mimi nikagundua kwamba sijui kupima. Nina masikio yanayoweza kutofautisha magitaa matatu, na sijui kama bunduki iko kilomita moja au nne, kwa sababu kila mara nilikuwa naangalia uso wa Consolate na kufanya anavyofanya.

Sasa uso wake ulikuwa umefumba macho.

Niliingia ndani. Nikasimama kando yake, nikaweka vidole kwenye kitufe. Hakujua kwamba nipo. Alikuwa ameacha kuimba, ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo, na mabega yake yalikuwa chini. Nimemjua mwanamke huyu kwa miaka mingi na sikujua kwamba mabega yake yanaweza kushuka hivyo.

Nje ikalia tena. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Nilidhani ni mbali. Sikuwa na hakika, nilidhani tu.

Nikatoa vidole.

Nikarudi mlangoni, nikamshika Ornella mkono, nikamwambia avae viatu vyote viwili na asiende popote. Déo akasikiliza kidogo tena, akarudi ndani kwake taratibu. Nikavuta pumzi. Wimbo uliisha, Consolate akaanza mwingine mwenyewe. Sijui alijifunza saa ngapi pa kubonyeza.

Alipovua kaski alitoka akapepesa macho kwenye jua. Masikio yalikuwa mekundu.

"Kulikuwa na kitu?"

"Apana," nikasema.

Ornella aliangalia lengalenga.

Wakati wa kula, Consolate akachukua samaki mmoja wa ndagala, akamweka kando ya sahani, akasema bila kuinua uso: "Iliwaka wapi?"

Watoto hawawezi kutunza siri, au labda mama huona.

"Mbali. Juu mulimani."

"Ulijuaje ni mbali?"

"Nilizani."

Nilingoja aniambie mimi ni mjinga. Badala yake akanifundisha, kwa dakika chache, akitafuna. Ile inayolia kavu, kama kijiti kimevunjwa karibu na sikio, hiyo ni ya hapa, chukua mtoto. Ile inayokuja na mwangwi nyuma yake iko milimani. Baada ya mvua zote zinasikika karibu kuliko zilivyo, hivyo usiziamini. Na umwangalie Déo, ana miaka mingi hapa, lakini usimwangalie akiwa amekunywa.

"Ya leo ilikuwa na mwangwi?" akauliza.

Nikafikiri kwa uaminifu. "Ndiyo. Ilikuwa nao."

"Basi ulifanya vizuri," akasema. Halafu, baada ya kumeza: "Lakini ningekuwa mi, ningekuvua."

"Najua."

"Jumatano uniwekee tena. Ile ya kwaya pia. Lakini kwanza ile ya harusi."

Kwa hiyo kesho ubao wa kijani unarudi kwa Bi Zuhura. Ni kadi nzuri kuliko hii, sitamficha anayeuliza. Kama unaishi mahali ambapo unaweza kukaa na mgongo kwa mlango, nunua ile. Hii ya kitufe ina besi nyembamba, na gitaa la tatu litabaki limesimama nje. Nimeamua naweza kuishi hivyo. Mtu mmoja ndani ya kaski, mwingine mlangoni, na kamwe siyo wote wawili ndani.

Hili nitalinakili kwenye disketi nilipeleke kazini asubuhi, huko kuna laini ya intaneti.

Jambo moja linanisumbua, na sijamwambia. Nilimjibu kwamba kulikuwa na mwangwi. Nimekaa hapa tangu tulipomaliza kula najaribu kuisikia tena ile milio kichwani, na siwezi kusema kwa kweli kama mwangwi ulikuwepo, au kama nilitaka tu amalize wimbo.

Mpaka Jumatano, kila jioni, nitakaa kizingitini nijifunze.